Chombo cha Miaka 44: Kisa cha Skuna Rouse Simmons

Kila Krismasi inapokaribia, watu wa Chicago hukumbushana habari za nahodha aliyewaletea miti ya sikukuu kwa tanga na hatimaye akazama nayo katika Ziwa Michigan mwaka 1912. Kisa hicho kimesimuliwa kwa huruma nyingi mno, hata nahodha amekuwa kama mtakatifu na dhoruba imebaki kuwa mshitakiwa pekee. Hapa nitakifuata kwa njia nyingine. Nitaanza na chombo chenyewe, umri wake, shehena zake na mikono iliyokimiliki, kwa sababu naamini kwamba skuna Rouse Simmons ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa kabla upepo wa kaskazini-magharibi haujaikuta.

Niondoe utata mmoja mapema. Maziwa Makuu yanayohusika hapa si Nyanza, Tanganyika na Nyasa, bali ni yale matano ya Amerika Kaskazini, na Michigan ndilo pekee kati yake lililo lote ndani ya Marekani. Lina urefu wa karibu kilomita 490 kutoka kaskazini hadi kusini. Sehemu kubwa ya ukingo wake wa magharibi ni ya jimbo la Wisconsin, na huko chini, karibu na ncha ya kusini, ndiko uliko mji wa Chicago. Maji yake ni ya baridi kali na hayana chumvi, na mambo hayo mawili yana kazi katika kisa hiki: baridi ilishiriki kukizamisha chombo, na kukosekana kwa chumvi kukakihifadhi.

Rouse Simmons iliundwa Milwaukee mwaka 1868 katika karakana ya Allan, McClelland na wenzao, ikapewa jina la mfanyabiashara wa mji wa Kenosha. Ilikuwa na milingoti mitatu, urefu wa takriban mita 38, upana wa mita 8 na kitu, na tumbo lenye kina cha mita 2.5 tu. Kina hicho kidogo hakikuwa kasoro ya fundi. Bandari nyingi za ziwa hilo zilikuwa midomo ya mito, yenye mchanga na maji haba, kwa hiyo skuna za huko ziliundwa na tumbo bapa, na badala ya mkuku mrefu, yaani uti wa chini wa chombo, zilikuwa na ubao mpana uliopenya katikati ya chombo, ambao uliteremshwa majini ili upepo usikisukume chombo upandeupande, kisha ukapandishwa kinapoingia mtoni.

Msomaji aliyezoea jahazi la pwani atauliza skuna ina tofauti gani. Jahazi hubeba tanga lake juu ya foromali, yaani boriti ya kulitundikia, na kuligeuza upande wa pili wa mlingoti ni kazi ya mikono mingi na hesabu ya nahodha mzoefu. Tanga la skuna limefungwa ubavuni mwa mlingoti wenyewe, likishikiliwa chini na boriti inayozunguka huku na huku kama mlango kwenye bawaba, na mabaharia hulivuta kutoka sitahani bila mtu kupanda juu. Watu sita au saba waliweza kuiendesha skuna ya milingoti mitatu ikiwa imejaa mbao. Wenye vyombo waliipenda kwa sababu hiyo: mishahara michache, shehena kubwa, na upepo hautozi nauli.

Ilizinduliwa wakati mzuri. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1871, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago, na mji ulipoanza kujengwa upya ulihitaji mbao kupita kiasi, juu ya zile ulizokuwa tayari ukizisambaza kwa wakulima waliokuwa wakihamia nyika za magharibi. Mbao zilitoka ng'ambo ya ziwa, katika misitu ya jimbo la Michigan, na mji wa Muskegon ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya kupasulia magogo. Tajiri wa mbao wa mji huo, Charles Hackley, aliinunua Rouse Simmons mwanzoni mwa miaka ya 1870, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata ilikuwa ikipakia Muskegon na kupakua Chicago, safari moja baada ya nyingine, kuanzia barafu inapoyeyuka hadi inaporudi. Miaka hiyo haina hadithi ya kusisimua, na ni dalili ya afya yake: kilikuwa chombo cha tajiri mwenye kazi ya kudumu, chenye sababu ya kutunzwa.

Kisha misitu ikaisha. Misonobari mikubwa ya Michigan ilikuwa imekatwa kwa sehemu kubwa kufikia mwisho wa karne ya 19, na mizigo iliyosalia ilichukuliwa na reli pamoja na meli za moshi ambazo hazikusubiri upepo. Hackley akaiuza skuna yake. Kuanzia hapo ilipita mikononi mwa watu wenye mifuko midogo, ikabeba mizigo ambayo hakuna aliyekuwa na haraka nayo. Katika hatua hiyo ndipo, kwa maoni yangu, ajali ilipoanza. Chombo cha mbao hakizeeki kwa hisani. Mishono kati ya mbao hulegea kila kinapopindana juu ya mawimbi, kalafati, yaani pamba ya kuzibia mishono hiyo, hung'oka, maji huingia ngamani, chini kabisa ya chombo, na bila fundi wa kuigongea kalafati mpya kila msimu pampu hugeuka kuwa sehemu ya safari. Bei ya skuna kuukuu hushuka, lakini gharama ya kuikarabati hupanda. Anayeinunua ni yule asiyeweza kununua nzuri, na mara nyingi mtu huyo hawezi pia kuitengeneza.

Mwaka 1910 Herman Schuenemann, nahodha wa kisa hiki, alipata sehemu moja ya nane ya umiliki wa Rouse Simmons. Sehemu kubwa ilikuwa ya Mannes Bonner wa kisiwa cha Beaver, na Charles Nelson, baharia mkongwe, naye alikuwa na sehemu moja ya nane. Mpangilio huo wa hisa ulikuwa wa kawaida katika maziwa yale. Hata hivyo, hebu tuutazame kwa jicho la mhasibu: anayeendesha safari ya faida kubwa kuliko zote za mwaka anamiliki thumni tu ya mbao zilizo chini ya miguu yake. Faida ya miti ni yake, ilhali gharama ya kalafati ni ya shirika zima. Simlaumu mtu; nasema tu kwamba katika hali hiyo kila mmoja ana sababu ya kusubiri mwenzake atoe pesa kwanza.

Schuenemann alizaliwa Ahnapee, mji wa pwani ya Wisconsin ambao leo unaitwa Algoma, katika ukoo wa Kijerumani. Yeye na kaka yake August waliingia katika biashara ya kupeleka miti ya Krismasi Chicago, mji uliojaa Wajerumani waliokuja na desturi ya kuweka mti sebuleni. Novemba 1898 August alizama na skuna S. Thal karibu na Glencoe, kaskazini kidogo ya Chicago, pamoja na mabaharia wake wote na shehena ya miti. Herman hakuwamo katika safari hiyo; mkewe Barbara alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mabinti pacha. Mtu mwingine angeiacha biashara hiyo papo hapo. Yeye aliiendeleza, na mwaka 1907 alipotangazwa kufilisika, bado aliirudia.

Biashara yenyewe ilivutia. Miti ilikatwa katika misitu ya kaskazini mwa Michigan, karibu na mji mdogo wa Thompson, ikafungwa matita na kushindiliwa ndani ya chombo. Badala ya kuwauzia wachuuzi wa jumla, Schuenemann alifunga chombo chake kwenye gati karibu na daraja la Clark Street, katikati ya Chicago, akatundika taa za umeme kwenye kamba za milingoti na kuuweka mti mmoja kileleni, kisha akawakaribisha wateja wapande sitahani wajichagulie. Mti uliuzwa kati ya senti 50 na dola 1. Barbara na mabinti zao walisuka mataji ya majani mabichi na kuyauza pembeni, na baadhi ya miti ilitolewa bure kwa makanisa na kwa familia zisizo na uwezo. Watu wakamwita Nahodha Santa.

Ila faida hiyo yote ilitegemea tarehe. Mti uliokatwa mapema hunyauka, na mteja hanunui mti wa Krismasi mwanzoni mwa Novemba. Chombo kililazimika kushuka ziwa zima katika wiki za mwisho za mwezi huo, wakati ambao manahodha wengi wenye busara walikuwa tayari wameshafunga vyombo vyao gatini, kwa kuwa Novemba ndio mwezi wa dhoruba mbaya zaidi huko. Kwa maneno mengine, skuna iliyokuwa kuukuu kuliko nyingi ilipewa safari iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1912, yapata adhuhuri, Rouse Simmons iling'oa nanga Thompson ikiwa na miti iliyokadiriwa kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Tumbo lilijaa, na mingine ikarundikwa juu ya sitaha. Schuenemann na Nelson wote walikuwamo, pamoja na mabaharia, na inasemekana wakata miti kadhaa waliopewa lifti ya kurudi nyumbani kwa sikukuu. Orodha rasmi ya waliopanda haikubaki nchi kavu, ndiyo maana magazeti ya siku hizo yalitoa idadi zinazotofautiana.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya shehena, kwa sababu wasimulizi wengi huipita haraka. Miti ya Krismasi ni mizigo ya hadaa. Ni myepesi ukilinganisha na ukubwa wake, hivyo chombo hakionekani kuelemewa gatini. Lakini ikipangwa juu ya sitaha huinua uzito juu, hukamata upepo kama tanga ambalo huwezi kulikunja, na huziba njia za mabaharia kufikia pampu na vifuniko vya tumbo. Kisha fikiria baridi iliyo chini ya kiwango cha kuganda. Kila wimbi linalogonga omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hurusha maji juu ya sitaha, na kila tone linapata kitawi cha kushika. Mbao za kupasuliwa zina uso laini na maji huteleza. Mti mmoja wa jamii ya msonobari una maelfu ya sindano, na kila sindano ni mahali pa barafu kuota. Shehena iliyopakiwa ikiwa nyepesi inaweza kuongezeka uzito usiku kucha bila mtu kuongeza hata mti mmoja, na kwa kuwa maji ya mawimbi hupigia mbele, uzito huo huanza kujikusanya mbele.

Siku iliyofuata, Jumamosi, saa 8:50 mchana, kituo cha waokoaji cha Kewaunee katika pwani ya Wisconsin kiliona skuna umbali wa maili 5 hadi 6 kutoka ufukoni. Ilikuwa imezama sana majini, ikikimbia kuelekea kusini mbele ya upepo mkali wa kaskazini-magharibi, na bendera yake ilipepea nusu mlingoti, ishara ya kuomba msaada. Kewaunee iko kama kilomita 18 kusini ya Algoma. Nahodha alikuwa amekwisha kuupita mji aliozaliwa.

Kwa nini hakuingia bandarini? Jibu liko katika mwelekeo wa upepo. Upepo wa kaskazini-magharibi hutoka upande wa nchi kavu ya Wisconsin, kwa hiyo maji ya karibu na ufuko huwa yametulia kiasi. Huko ndiko kwenye nafuu. Lakini kuyafikia kutoka maili 5 nje ni lazima chombo kipige bisho, yaani kipande dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku, na skuna iliyojaa maji, iliyoganda kamba na kuelemewa mbele haipigi bisho. Inaweza tu kukimbia na upepo, na kila dakika ya kukimbia inaipeleka mbali zaidi na kimbilio.

Mkuu wa kituo cha Kewaunee, Nelson Craite, alikuwa na mashua ya makasia tu. Alitafuta boti ya injini bandarini, akaambiwa iliyokuwapo imeshaondoka. Saa 9:10 akapiga simu kituo cha Two Rivers, upande wa kusini, ambako mwenzake George Sogge alikuwa na mashua ya injini, akamweleza kwamba skuna iko njiani kumjia. Wapo waliomshutumu Craite kwa kutotoka na makasia yake. Sioni haki katika shutuma hiyo. Skuna ilikuwa na upepo mgongoni na ingewaacha wapiga makasia katika robo saa ya kwanza, na wao wenyewe wangebaki nje, upepo ukiwa usoni mwao, usiku ukiingia. Katika tarehe hizo jua la Wisconsin linatua kama saa 10:20 jioni. Simu ndiyo ilikuwa njia ya haraka zaidi aliyokuwa nayo, na aliitumia.

Sogge na watu wake waliondoka mara moja, wakazunguka rasi ya Rawley na kuelekea kaskazini, kwenye maji ambayo skuna ilipaswa kutokea. Kwa hesabu ya mwendo wake ilikuwa lazima waione. Hawakuona kitu. Giza likashuka pamoja na theluji nzito, wakarudi mikono mitupu. Hakuna aliyeokolewa. Nimelirudia tukio hili mara nyingi, na kinachonishangaza si kushindwa kwao bali jinsi kila kiungo cha mnyororo kilivyofanya kazi: mlinzi aliona, mkuu akapiga simu, mashua ikatoka. Kilichokosekana ni injini moja Kewaunee.

Pengo lililoachwa na kukosa manusura likajazwa na hadithi. Panya walionekana wakiikimbia meli gatini. Baharia fulani alikataa kupanda kwa sababu hiyo. Nahodha aliondoka Ijumaa, siku ya mkosi. Chupa yenye barua ya mwisho iliokotwa ufukoni. Panya wa meli inayovuja huwa na sababu nzuri ya kuhama, na hilo ndilo jambo pekee katika orodha hiyo ninaloweza kulichukua kama ushahidi, ikiwa kweli walionekana.

Ushahidi wenye uzito ulitoka majini. Kwa miaka mingi wavuvi wa pwani ile walivuta nyavu zilizonasa miti ya Krismasi. Mwaka 1924 wavu mmoja ulileta pochi ya Schuenemann, ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa cha mafuta kisichopenya maji, na karatasi zake zikiwa bado zinasomeka. Tarehe 30 Oktoba 1971 mzamiaji wa Milwaukee, Kent Bellrichard, aliyekuwa akitafuta meli nyingine iitwayo Vernon, aliukuta mwili wa skuna nje ya Two Rivers, kwenye kina cha takriban mita 50. Ilikuwa imekaa wima juu ya mchanga, na tumboni mwake miti ilikuwa bado imepangwa, mingine ikiwa na sindano zake. Wahenga wetu walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa chombo hiki ngama ndiyo iliyotunza hesabu.

Katika kiangazi cha 2006 waakiolojia wa Chama cha Historia cha Wisconsin waliyapima mabaki hayo kwa makini. Waliikuta milingoti, boriti za matanga na mnyororo wa nanga vikiwa vimelala upande wa mbele. Meli inayojaa maji polepole na kushuka ikiwa sawasawa haitupi vitu vyake hivyo. Maelezo yanayokubaliana na picha hiyo ni kwamba ilizama kwa omo, kichwa chini, na milingoti ikaendelea kwenda mbele wakati tumbo liliposimama ghafla juu ya mchanga. Hapo ndipo barafu ya sitahani, maji ya ngamani na umri wa mishono vinapokutana katika hesabu moja: chombo kilichokuwa kimezama sana majini saa 8:50, chenye uzito mwingi mbele, kinakimbia na upepo mgongoni na mawimbi yakiinua tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, kinahitaji mara moja tu omo iingie ndani ya wimbi na isitoke. Sitaki kudai kwamba kalafati nzuri ingewaokoa bila shaka, kwa maana dhoruba ya Novemba imezamisha vyombo vipya pia. Ninachosema ni kwamba Rouse Simmons ya mwaka 1875, ikiwa mikononi mwa Hackley, ingekuwa na nafasi ambayo ile ya 1912 haikuwa nayo.

Barbara hakuiacha biashara. Yeye na mabinti zake waliendelea kuwauzia watu wa Chicago miti, kwanza kwa vyombo vya tanga, baadaye ikiletwa kwa treni, mpaka alipofariki mwaka 1933. Juu ya kaburi lake yameandikwa majina mawili, lake na la mumewe ambaye mwili wake haukupatikana, na katikati ya majina hayo umechongwa mti mdogo.

Nanga iliyotolewa kwenye mabaki imewekwa mlangoni mwa klabu ya mashua ya Milwaukee. Mabaki yenyewe yaliingizwa mwaka 2007 katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria, na tangu 2021 yamo ndani ya hifadhi ya taifa inayolinda mabaki ya meli katika pwani hiyo ya Wisconsin, hivyo mzamiaji anaruhusiwa kutazama lakini si kuchukua. Hakuna katika maji yale yasiyo na chumvi yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao na kuwasumbua mafundi wa majahazi wa kwetu. Walioingia badala yake ni kome wadogo wa kigeni, waliosambaa katika Ziwa Michigan miongo ya karibuni, ambao hujibandika juu ya mbao tabaka kwa tabaka.